Mkono Uliotoka Ukutani

Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yangu niliijua mikono ya wanaume wa nyumba ile kabla sijazizoea nyuso zao. Nyumba yenyewe ilikuwa Chonyonyo, katikati ya migomba, na kibanda cha kufulia chuma kilikuwa hapo hapo uani, karibu na jiko langu kiasi kwamba nyundo ikipigwa vyungu vyangu vilitikisika. Mume wangu na baba yake walikuwa wahunzi, abahesi kama wanavyoitwa kule, watu wa majembe, visu na mikuki. Na mhunzi, hata awe stadi namna gani, haishi siku nyingi bila kukatwa au kuunguzwa na kitu.

Desturi ya ukoo ule ilikuwa kwamba mwanamke haingii kibandani moto ukiwa hai. Tena mhunzi naye akishaanza kazi hatoki nje mpaka chuma alichokishika kimekwisha. Sasa aliyeumia atatibiwaje? Waliacha tundu kwenye ukuta wa matete, usawa wa kifua, upande wa jikoni. Aliyeumia aligonga ukuta kwa koleo, mwanamke wa nyumba akaja na bakuli lake, mkono ukatoka. Hakuna kuulizana umeumiaje, hakuna pole, hakuna asante. Nilimtibu mume wangu kwa mtindo huo mara nyingi, nikiona kiganja tu, na jioni akija kula nilimtania kwamba mkono wake una adabu kuliko yeye mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Bugene. Baba yangu alikuja na misafara kutoka pwani, akachoka kutembea, akafungua duka la vitambaa vya marekani, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Uani kwetu walilala wapagazi, na mama ndiye aliyewatibu: mabega yaliyochubuliwa na mizigo, nyayo zilizopasuka, vidole vilivyoungua kwa kupika kwa haraka. Kwake nilijifunza kwamba dawa ya kwanza ni maji yaliyochemshwa na chumvi, na kwamba unaosha mpaka mwenye kidonda akuchukie. Mkato mdogo unauwekea majani ya kishona nguo yaliyopondwa, damu inakatika. Aliyeungua unammwagia maji baridi, mengi, bila haraka, kisha asali, kisha jani changa la mgomba, lile ambalo bado halijafunguka, ulilainishe kwenye mvuke, maana halishiki kwenye kidonda. Juu yake kitambaa cha marekani kilichochemshwa na kukauka juani. Mama alinifungashia marekani kuukuu tele nilipoolewa, nikadhani ni za nepi.

Wakwe zangu walikuwa na njia yao. Walitumia asali pia, na majani, sikuwabishia huko. Lakini mtu akiungua, jambo la kwanza walilofanya ni kukisogeza kidole kwenye makaa na kukishikilia pale, karibu kabisa, meno yameumana. Waliamini kwamba moto ulioingia mwilini huitwa na moto mwenzake ukatoka. Mume wangu, aliyesilimu ili anioe na kuacha mambo mengi ya kwao, hilo hakuliacha. Tuligombana mara nyingi juu yake. Kwa kuungua kudogo halikuwa na madhara makubwa, kidole kiliuma tu zaidi na yeye akaridhika.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa suala la baba mkwe. Kule mke wa mtu na baba wa mumewe hawatazamani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaongei wawili. Nikimwona anakuja njiani niliingia migombani. Chakula chake nilikiweka kizingitini, shangazi yake mume wangu akakipeleka. Siku niliyofika pale kama bibi harusi nilimwambia shikamoo usoni kwake, kwa sauti, kama nilivyofundishwa nyumbani, na yule mzee akageuka akaondoka akaenda kulala kwa jirani. Ilibidi apelekewe kibuyu cha lubisi, yaani pombe ya ndizi, ndipo akarudi. Nilicheka peke yangu jikoni, lakini tangu siku hiyo nilijua mpaka wangu.

Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika, kwa hiyo bakuli la kutibia lilikuwa langu. Shangazi alikuwepo, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa yamefifia na mikono inatetemeka. Kazi yake ilikuwa kulinda desturi, na hiyo aliiweza bila macho. Aliniita mugole, bibi harusi, hata nilipokuwa nimekwisha kuvuna maharage yangu mwenyewe. Baba mkwe hakuwahi kugonga ukuta. Ama hakuumia kamwe, ama aliumia akanyamaza.

Miaka ile Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Bukoba, na majembe ya kiwandani yalianza kufika kutoka pwani. Baba yangu mwenyewe aliyauza, jambo ambalo halikunisaidia kwa wakwe. Baba mkwe alipewa moja alione. Niliambiwa aliligonga kwa ukucha, akasikiliza, akalirudisha bila neno, kisha akaanza kufanya kazi kuliko vijana. Kila mtu pale alijua sababu. Katika ukoo ule, fundi mkubwa akichomwa vibaya na moto wake mwenyewe, husemwa kwamba moto umemkataa, na nyundo inahamia kwa mwanawe siku hiyo hiyo. Yeye hakuwa tayari kukataliwa.

Basi mume wangu aliondoka na mzigo wa majembe kwenda Murongo, avuke mto Kagera akauze ng'ambo. Alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua ikamtangulia, tena ya nguvu, tukasikia mto umejaa na mitumbwi haivuki. Tulibaki watu watatu: mimi, shangazi, na mzee aliyejifungia kibandani akifua visu na nyembe, akivukuta mwenyewe na kupiga nyundo mwenyewe.

Asubuhi moja nilikuwa namenya ndizi. Mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa inapumua vizuri, kisha ikakatika. Sikusikia kelele yoyote. Baada ya kimya kirefu, koleo likagonga ukuta.

Nilisimama na kisu mkononi. Mume wangu yuko mtoni, na kibandani alikuwemo mtu mmoja tu. Nilifikiri kurudi ndani nijifanye sikusikia. Koleo likagonga tena, polepole, kama mtu anayeomba radhi, na hapo miguu yangu ikaenda yenyewe.

Mkono uliotoka ulikuwa wa kulia, mpana, na ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati tangu zamani. Kuanzia kwenye kifundo hadi vidole viwili vya mwisho, ngozi ya juu ilikuwa imeinuka, nyeupe. Nilijua ni nani, naye alijua kwamba najua. Nilijitanda kanga hadi puani, nikamwaga maji kwa kata nikiwa mbali, kata baada ya kata, mpaka mtungi ukaisha. Kupaka asali na kufunga jani hakuwezekani kwa mbali. Nikageuzia uso migombani, nikafunga kwa kupapasa. Mkono haukushtuka hata kidogo. Nilipomaliza ulirudi ndani, na baada ya muda mivukuto ikaanza tena, ikienda upande upande.

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu kidonda hakitibiwi kwa kupapasa, na kwa sababu mama yangu angeniona angenipiga kofi. Lakini ningemwambia nani? Nikimwambia shangazi, nyundo inamtoka mzee kabla ya chakula cha mchana. Nikajiambia kwamba ni kuungua kwa kawaida, kukubwa kidogo tu, na kwamba kidonda kikioshwa kila siku kitakauka.

Kila asubuhi koleo liligonga. Kila asubuhi nilikwenda na bakuli, na mara ya pili tu niliacha upuuzi wa kutazama migomba. Niliutazama mkono ule kwa macho yangu yote mawili. Ulikuwa mkono tu. Siku za mwanzo kidonda kilikuwa safi, chekundu kama inavyotakiwa, nikafurahi.

"Unampelekea nani maji ukutani?" shangazi aliniuliza siku moja, amekaa kizingitini akichambua maharage kwa vidole.

"Namwagilia maboga, shangazi."

"Na mvua yote hii?"

"Yale ya chini ya paa hayapati mvua."

Akaendelea kuchambua. Sikujua kama ameamini, na tangu hapo niliogopa kugeuka nyuma nilipokuwa ukutani.

Kisha kidonda kikabadilika. Kingo zake zikawa ngumu na nyeusi, katikati pakalowa, na harufu ikaanza, ile harufu ya utamu mbaya ambayo waliolelewa kwenye uwanja wa wapagazi huijua. Niliionja asali yangu, ilikuwa nzima. Nilichemsha vitambaa upya. Nilibadilisha chumvi. Nilianza kujilaumu kwamba sikujifunza vizuri, kwamba mama alikuwa na kitu fulani mkononi mwake ambacho mimi sikurithi. Mpaka asubuhi moja nilipofungua jani la jana nikaona pembe zake zimekauka na kuungua. Nililinusa. Lilinuka makaa.

Kumbe kila nilipomfunga na kuondoka, mzee alirudi kwenye moto wake akaushikilia mkono pale, jani na kitambaa vyote pamoja, autoe moto kwa moto. Kidonda kile kibichi, chenye asali, alikuwa anakibanika kila siku, na kila asubuhi ananiletea nikipoze. Nilitaka kupiga kelele. Kwa mume wangu ningesema maneno ambayo yangesikika mpaka Bugene. Lakini huyu sikuwa na ruhusa ya kumwambia hata neno moja.

Hapo palikuwa na kuku wangu mmoja, jike, anachakura chini ya ukuta.

"Wewe kuku," nilisema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia, "mkono ulioungua ukiurudisha kwenye makaa unauchoma mara ya pili. Umesikia? Usipoacha utaoza, na ukioza hautashika nyundo wala kijiko."

Mkono ulibaki pale pale tunduni. Nilisikia mtu akivuta pumzi upande wa pili.

"Kuku," sauti ya mzee ikasema, kwa lugha ya kwao, ya chini na ya kujikaza, "mwambie aliyekutuma kwamba moto hautolewi na majani."

"Kuku, mwambie mwenye nyumba kwamba moto ulikwisha kutoka siku ile ile, kwa maji. Kilichobaki ni kidonda."

"Kuku, yeye amefua chuma tangu lini?"

"Kuku, mimi sifui chuma. Mimi naosha vidonda vya wanaofua. Ulizia kama kwapani pana uvimbe, na kama usiku anahisi baridi."

Akajibu kwa hasira ya kweli: "Kuku haulizwi mambo ya kwapani."

Mkono ukarudi ndani kabla sijamaliza kuufunga. Hata leo nikikumbuka nacheka, lakini siku hiyo sikucheka. Niliketi jikoni nikaomba dua zote nilizozijua, nikasikiliza mivukuto ikivuma na kukatika, kuvuma na kukatika.

Asubuhi iliyofuata koleo halikugonga. Moshi ulikuwa unatoka paani, kwa hiyo moto ulikuwa hai, lakini mivukuto haikusikika. Nilikwenda ukutani na bakuli. Nikamsemesha kuku, nikamsemesha mara ya pili, nikasema wazi kwamba mkono unahitaji kuoshwa. Kwa ndani nilisikia meno yakigongana. Mtu aliyekaa mbele ya moto wa mhunzi, anatetemeka kwa baridi.

Nikachungulia tunduni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mzee alikuwa ameegemea ukuta huu huu, mgongo wake karibu kabisa na mimi, kichwa kimeanguka kifuani, mkono umevimba mpaka kitambaa kimezama kwenye nyama. Niliita, "Baba!" Neno hilo sikutakiwa kumwambia. Hakujibu.

Kuingia sikuthubutu. Nasema kweli, nilikuwa na hasira na desturi ile lakini nilikuwa naiogopa pia, na niliogopa zaidi kwamba yeye akizinduka akanikuta ndani atakataa kila kitu. Nilikimbia jikoni, nikachukua panga na wembe, vyote viwili kazi yake mwenyewe. Nikazikata kamba za ukuta, moja baada ya nyingine, nikang'oa matete kuzunguka tundu mpaka pakawa na mwanya wa kumpitisha mbuzi. Nikauvuta mkono nje, wote, hadi begani, nikaulaza mapajani mwangu. Kutoka kwenye kifundo palipanda mstari uliovimba, wa moto chini ya vidole vyangu, umepita kiwiko. Mama aliniambia habari ya mstari huo. Mpagazi ambaye umemfika kwapani, mama alimwacha aage jamaa zake.

Niliupitisha wembe kwenye moto wa jikoni, nikasema bismillahi, nikapasua pale palipokuwa laini zaidi, mgongoni mwa mkono, kati ya mifupa. Kilichotoka sitakieleza. Nilikamua kuanzia juu kwenda chini, nikaosha kwa maji ya chumvi ya moto kiasi ambacho mkono wangu mwenyewe uliweza kukivumilia, nikakamua tena. Mzee alizinduka. Nilijua kwa sababu vidole vilijikunja vikashika nguo yangu. Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa sauti, huku nakamua, na kamasi zinanitoka.

Shangazi alinikuta hivyo. Macho yake yalikuwa mabovu lakini ukuta uliobomolewa aliuona, na alimwona mugole ameupakata mkono wa baba mkwe wake mapajani mchana kweupe. Akapiga yowe. Majirani wakaja kutoka mashambani wakiwa na majembe yao, wakasimama nusu duara, mbali, kama watu waliofika kwenye nyumba inayoungua. Mama mmoja alijifunika uso. Mwanamume mmoja alinifokea niachie.

"Sijamaliza," nilisema.

Akarudia. Nami nikarudia. Usaha ulikuwa bado unatoka, na nilijua nikiuachia mkono ule sasa, hakuna atakayeniruhusu kuushika tena. Kwa hiyo nilimaliza kwa utaratibu, mbele yao wote, maji, asali, jani, kitambaa, na mzee ndani ya ukuta hakusema neno moja la kunitetea. Hilo liliniuma. Nilitazamia angalau angekohoa.

Walimbeba wakampeleka nyumbani kwake. Mimi niliambiwa nikae jikoni mpaka mume wangu arudi, na kwamba huenda nikarudishwa kwetu. Sikujali kurudishwa. Nilijali kwamba shangazi ndiye aliyebaki na mgonjwa, na kwamba nilimwona akiingia na kigae chenye makaa mekundu.

Nilisimama kwenye mlango wa jiko, siwezi kukaa, siwezi kwenda. Nilihesabu kichwani kila atakachofanya: sasa anafungua kitambaa, sasa anautoa mkono, sasa anausogeza. Wale majirani walikaa uani wakinilinda kama mwizi. Kutoka ndani ya nyumba ya mzee nilisikia sauti yake, hafifu, kisha sauti ya shangazi ikibisha, kisha yake tena. Shangazi akatoka. Kigae kilikuwa bado mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Anaweweseka," aliwaambia majirani. "Anasema mwiteni mwenye kuku."

Wakatazamana. Mimi sikungoja wamalize kutazamana. Nilichukua bakuli nikapita katikati yao, nikapita mbele ya shangazi, nikainama mlangoni nikaingia. Mzee alikuwa amelala amegeukia ukutani, kichwa kimefunikwa kwa nguo ya gome la mti, na mkono umenyooshwa nyuma yake, kuelekea mlangoni, peke yake juu ya mkeka. Niliukagua. Haukuwa umeguswa na makaa.

Nilimtibu hivyo asubuhi na jioni, yeye amegeukia ukutani, shangazi ameketi mlangoni kama askari. Siku ambazo ule mstari ulibaki pale pale juu ya kiwiko sikuweza kula. Niliupima kwa kuweka alama ya masizi pale ulipoishia, na kila nilipoingia nilitazama alama kabla ya kumtazama mtu. Haukupanda. Kisha asubuhi moja ulikuwa umeshuka chini ya alama, kidogo tu. Nilitoka nje nikaketi nyuma ya migomba, nikala ndizi mbivu nyingi kama mtu aliyefungua saumu.

Mume wangu alirudi na matope hadi kiunoni. Wazee wa ukoo waliitwa. Walikaa kutwa nzima wakijadili ukuta, na mbuzi akachinjwa kusafisha kibanda, na nilikatazwa kukanyaga upande ule kwa msimu mzima; habari ya nyundo waliiahirisha mpaka mkono upone. Kuhusu kunirudisha, waliishia kukohoa, kwa sababu baba mkwe alipoulizwa alisema tu kwamba hakuna mwanamke aliyeingia kibandani. Na hilo lilikuwa kweli.

Ila mkono ulipona nusu. Vidole viwili vya mwisho vilijikunja vikakataa kunyooka, na kidole gumba hakikuweza kukutana na wenzake. Nilivikanda kwa samli ya moto, nikavinyoosha, haikusaidia. Siku aliyojaribu kuinua nyundo nilikuwa jikoni, nilisikia tu ikianguka chini. Nikasikia ikianguka tena. Kisha mume wangu akatoka nje akiwa ameibeba kwa mikono yote miwili, macho mekundu, na hakuna aliyehitaji kuniambia kilichotokea. Nilikuwa nimeuokoa mkono, na mkono wenyewe haukuwa na kazi tena. Niliogopa kwamba mzee angenichukia kwa hilo maisha yake yote.

Hakukaa bure. Alianza kufundisha mkono wa kushoto, akichonga mipini ya majembe chini ya paa la nyumba yake, nje ya kibanda. Alichonga vibaya sana. Mipini ya mwanzo ilikuwa kuni, na mimi nilizipikia.

Mchana mmoja wa jua, uani pamejaa watu waliokuja kuchukua majembe, alijikata. Nilimwona akikitazama kidole gumba cha kushoto kilichoteleza kwenye makali, akakinyonya. Ulikuwa mkato mdogo sana, wa kuoshwa tu na kusahauliwa. Mtoto angeupuuza. Lakini mzee aliweka kisu chini, akainuka, akautafuta mkongojo wake. Akavuka uani mbele ya watu wote, mbele ya shangazi, akaja moja kwa moja mpaka jikoni kwangu. Nilianza kujitanda, nikatafuta pa kuingilia, lakini hapakuwa na njia, alikuwa amesimama mlangoni. Akaketi kwenye kigoda changu, akanikabili. Akaninyooshea mkono.

Nilijua mkato ule hauhitaji kitu. Nilichemsha maji hata hivyo, nikaweka chumvi, nikapasua kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyobakiwa navyo. Nikamwosha kidole kile kidogo mpaka maji yakapoa, wala hakuna aliyeharakisha, na nilipomfunga alikaa bado pale kwa muda, akiutazama mkono wake ndani ya mikono yangu.